Hataza za dawa: kwa nini dawa moja ya mtoto ni ghali na nyingine ni nafuu

Mzazi anayetafuta dawa ya mtoto hukutana na mambo mengi yasiyoelezwa. Dawa ile ile inauzwa kwa bei mbili tofauti katika maduka mawili. Kidonge cha mwezi huu kina rangi nyingine na jina jingine. Muuguzi anasema dawa mpya ipo duniani lakini haijafika nchini. Nyuma ya mengi ya haya kuna sheria inayoitwa hataza. Ukurasa huu unaeleza hataza ni nini, inagusaje dawa za mtoto wako, sheria inaziruhusu nchi zetu kufanya nini, na wewe unaweza kuuliza nini kituoni. Mfano mkuu tunaotumia ni dawa za watoto wanaoishi na VVU, kwa sababu hapo ndipo historia hii inaonekana wazi zaidi.

Mambo muhimu kwa ufupi

- Hataza ni haki ya muda. Inampa mwenye ugunduzi mamlaka ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza dawa yake, kwa kawaida kwa miaka 20.
- Hataza haihusu ubora wa dawa. Ubora hukaguliwa na mamlaka ya dawa ya nchi.
- Dawa ya jeneriki si dawa bandia. Ikiwa imesajiliwa, inafanya kazi sawa na ile ya kampuni ya kwanza.
- Sheria za kimataifa zinaziruhusu nchi kupata dawa nafuu hata pale hataza ipo.
- Dawa nyingi za kawaida za watoto hazina hataza tena. Zikikosekana kituoni, sababu ni nyingine, na una haki ya kuiuliza.
- Usimwachishe mtoto dawa kwa sababu ya bei, rangi au jina bila kuongea na mhudumu wa afya.

Hataza ni nini?

Hataza ni hati inayotolewa na serikali kwa mtu au kampuni iliyogundua kitu kipya. Kwa muda uliowekwa, hakuna mwingine anayeruhusiwa kukitengeneza, kukiuza au kukiingiza nchini bila idhini ya mwenye hataza. Chini ya mkataba wa biashara unaojulikana kama TRIPS, ulioanza kutumika mwaka 1995 pamoja na Shirika la Biashara Duniani, muda huo ni angalau miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa.

Sababu inayotolewa ni kwamba utafiti wa dawa ni ghali na dawa nyingi hushindwa njiani. Bila kinga, kampuni nyingine ingenakili dawa iliyofaulu na kuiuza kwa bei ndogo, na hakuna ambaye angetaka kugharimia utafiti. Kwa upande wa pili, muuzaji akiwa mmoja, yeye ndiye anayepanga bei. Kwa simu au redio, mtu anaweza kusubiri bei ishuke. Kwa mtoto mgonjwa, kusubiri kunaweza kugharimu maisha.

Mambo matatu kuhusu hataza huwachanganya watu wengi:

1. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Hakuna hataza ya dunia nzima. Dawa inaweza kuwa na hataza Kenya na isiwe nayo Burundi.
2. Dawa moja inaweza kuwa na hataza nyingi. Ya kwanza ni ya dawa yenyewe, nyingine ya aina ya chumvi yake, nyingine ya sharubati ya watoto, nyingine ya kidonge kinachochanganya dawa mbili au tatu. Hii ndiyo sababu hataza ya kwanza inaweza kuisha na bado dawa ikabaki mikononi mwa kampuni moja.
3. Hataza si cheti cha usalama. Dawa yenye hataza na dawa isiyo nayo zote hupita kwenye mamlaka ya dawa kabla ya kuuzwa: kwa Tanzania Bara ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kwa Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Dawa ya jeneriki ni nini? Je, ni bandia?

Kila dawa ina jina lake halisi na inaweza kuwa na majina ya kibiashara. Panadol ni jina la kibiashara. Dawa yenyewe ni parasetamoli. Kampuni nyingine zinapotengeneza parasetamoli na kuiuza kwa jina jingine au kwa jina lake halisi, hiyo ni dawa ya jeneriki. Ina dawa ile ile, kwa kipimo kile kile, na inatakiwa kufanya kazi sawa mwilini. Rangi, umbo, ladha na pakiti vinaweza kutofautiana. Bei huwa ndogo kwa sababu mtengenezaji hakubeba gharama za utafiti wa mwanzo, na kwa sababu wauzaji ni wengi na wanashindana.

Dawa bandia ni kitu kingine kabisa. Ni bidhaa inayojifanya kuwa dawa fulani huku ikidanganya kuhusu mtengenezaji au kilichomo ndani. Inaweza kuwa na chaki, dawa kidogo mno, au kitu chenye sumu.

Tofauti hii iliwahi kufika mahakamani. Mwaka 2008 Kenya ilipitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Maneno yake yalikuwa mapana kiasi kwamba dawa halali ya jeneriki ingeweza kuhesabiwa kuwa bandia na kuzuiwa bandarini. Watu watatu waliokuwa wakiishi na VVU walipeleka malalamiko Mahakama Kuu jijini Nairobi mwaka 2009, wakisema maisha yao yanategemea dawa hizo. Mwezi Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo, vikitumika kuzuia dawa za jeneriki, vinavunja haki ya kuishi, haki ya utu na haki ya afya zilizomo katika Katiba. Kwa ufupi, mahakama ilikataa kuweka dawa za jeneriki na dawa bandia kwenye kapu moja.

Kwa hiyo ukipewa jeneriki dirishani, hujapewa dawa ya daraja la pili. Dawa nyingi za VVU zinazotumika Afrika Mashariki leo ni za jeneriki.

Bei ya dawa za VVU ilishukaje?

Mwaka 2000, mchanganyiko wa dawa tatu za VVU uligharimu zaidi ya dola 10,000 za Marekani kwa mtu mmoja kwa mwaka. Katika nchi tajiri, watu waliokuwa kitandani waliamka na kurudi kazini. Huku kwetu, familia ziliuza mashamba na ng'ombe na bado dawa hazikutosha, na wengi hawakuziona kabisa.

India ilikuwa na njia nyingine. Kwa sheria yake ya mwaka 1970, haikutoa hataza kwa dawa yenyewe, bali kwa namna ya kuitengeneza tu. Viwanda vyake vilijifunza kutengeneza dawa zile zile kwa njia zao. Mwezi Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba ingeuza mchanganyiko wa dawa tatu kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka kwa dola 350 kwa mwaka, yaani chini ya dola moja kwa siku. Dunia ikajua kwamba dawa hizo zingeweza kutengenezwa na kuuzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei iliyozoeleka.

Wakati huo huo kulikuwa na kesi Afrika Kusini. Bunge la nchi hiyo lilikuwa limepitisha sheria mwaka 1997 ya kurahisisha upatikanaji wa dawa nafuu, na kampuni 39 za dawa zikaishitaki serikali mwaka 1998. Watu wanaoishi na VVU na wale wanaowatetea waliandamana nchini humo na katika miji mingine duniani. Mwezi Aprili 2001 kampuni hizo ziliondoa kesi. Mwezi Novemba mwaka huo huo, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani walikutana Doha, Qatar, na kutamka kwamba mkataba wa TRIPS hauzuii wala haupaswi kuzuia nchi kulinda afya ya watu wake.

Mwaka 2023 Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulitangaza kwamba kidonge kimoja cha siku chenye dawa tatu, maarufu kama TLD, kinanunuliwa kwa chini ya dola 45 kwa mtu kwa mwaka. Hiyo ni chini ya dola 4 kwa mwezi. Mgonjwa anayepokea dawa kliniki bila malipo anafaidika na safari hiyo yote.

Kwa nini dawa nzuri za watoto zilichelewa?

Watoto hawakufika pamoja na watu wazima. Dolutegravir, dawa kuu iliyomo ndani ya TLD, ilipata kibali Marekani mwaka 2013. Kidonge chake kidogo cha jeneriki cha kuyeyusha majini, kinachofaa watoto wachanga, kilipata kibali mwaka 2020 tu. Ni pengo la miaka saba, ilhali inajulikana kwamba karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na VVU hufa kabla ya kutimiza miaka miwili wasipotibiwa.

Katika miaka hiyo, watoto wengi walitumia sharubati ya lopinavir na ritonavir. Walezi waliowahi kuitoa wanaijua: ni chungu, mtoto huitema, inahitaji kutunzwa kwenye baridi kabla ya kutolewa, na zaidi ya asilimia 40 yake ni alkoholi. Bibi asiye na friji na mtoto anayetapika dawa mara mbili kwa siku hawakuwa na kosa lolote. Dawa yenyewe haikuwafaa.

Sababu za kuchelewa zilikuwa zaidi ya moja:

- Majaribio ya dawa kwa watoto huja mwisho, baada ya watu wazima.
- Watoto wenye VVU ni wachache kuliko watu wazima, na karibu wote wako katika nchi maskini. Kampuni haioni faida.
- Dawa ilikuwa na hataza, hivyo kiwanda kingine hakikuweza kutengeneza aina ya watoto bila ruhusa.

Kikwazo cha tatu kilianza kuondoka mwaka 2014. Kampuni yenye hataza, ViiV Healthcare, ilitoa leseni kupitia Medicines Patent Pool, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2010 na Unitaid. Kazi ya taasisi hiyo ni kuzishawishi kampuni ziruhusu viwanda vingine kutengeneza dawa zao kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo. Leseni ya dawa ya watoto ilihusu zaidi ya nchi 100.

Leseni peke yake haikutosha. Ilibidi watafiti waonyeshe kipimo sahihi kwa mtoto mdogo, na watoto wa Uganda, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa miongoni mwa walioshiriki katika utafiti huo. Ilibidi pia kuwepo fedha za kuvivutia viwanda kutengeneza dawa ya soko dogo. Mwezi Desemba 2020 Unitaid na shirika la Clinton Health Access Initiative walitangaza makubaliano na viwanda viwili vya jeneriki: kidonge cha miligramu 10, chenye ladha ya stroberi, kinachoyeyuka majini, kwa takribani dola 36 kwa mtoto kwa mwaka. Kenya na Uganda zilikuwa kati ya nchi za kwanza kukipokea mwaka 2021. Baadaye kikaja kidonge kimoja chenye dawa zote tatu za mtoto, kilichopata kibali mwaka 2023.

Kwa hiyo hataza ni kama kufuli la kwanza mlangoni. Lisipofunguliwa hakuna kinachoendelea, lakini nyuma yake bado kuna utafiti, kiwanda, mnunuzi na gari la kufikisha dawa kijijini.

Sheria inaziruhusu nchi zetu kufanya nini?

Kuna njia tano kuu.

1. Msamaha kwa nchi zenye maendeleo madogo zaidi. Nchi zilizo katika kundi hili hazilazimiki kutoa wala kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo. Kenya haimo. Lakini msamaha hauji wenyewe: nchi inatakiwa kuuingiza katika sheria zake. Uganda iliandika katika sheria yake ya mwaka 2014 kwamba dawa hazipewi hataza katika kipindi cha msamaha.

2. Kununua pale penye bei nafuu. Kampuni hiyo hiyo inaweza kuuza dawa yake kwa bei tofauti katika nchi tofauti. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001 inaruhusu kuingiza nchini dawa ambayo tayari imewekwa sokoni kihalali mahali pengine kwa bei ndogo.

3. Leseni ya lazima. Serikali inaweza kuruhusu kiwanda kingine kitengeneze dawa, au kuiagiza kutoka nje, bila ridhaa ya mwenye hataza, mradi alipwe fidia inayostahili. Kwa kawaida mazungumzo hutangulia, lakini wakati wa dharura, au dawa inapokuwa kwa matumizi ya umma yasiyo ya kibiashara, hatua hiyo inaweza kurukwa. Colombia ilitumia njia hii mwaka 2024 kwa ajili ya dolutegravir.

4. Leseni ya hiari. Mwenye hataza anakubali mwenyewe, kama ilivyokuwa kwa dolutegravir ya watoto. Ni njia ya haraka, lakini kampuni ndiyo inayochagua nchi. Mwaka 2024 kampuni ya Gilead ilitoa leseni za lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, kwa nchi 120. Brazil iliachwa nje, ingawa watu wake walishiriki katika majaribio ya dawa hiyo.

5. Kupinga hataza isiyostahili. Sheria za nchi kadhaa zinamruhusu mtu yeyote kupinga ombi la hataza. Mwaka 2023 ofisi ya hataza ya India ilikataa ombi la kuongeza kinga ya bedaquiline, dawa ya kifua kikuu sugu. Waliopinga ni wanawake wawili waliopona ugonjwa huo, mmoja wa India na mwingine wa Afrika Kusini. Wote wawili walipoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya dawa za zamani. Katika mwaka huo huo bei ya bedaquiline kupitia manunuzi ya kimataifa ilishuka kwa zaidi ya nusu.

Mbona basi hatuoni njia hizi zikitumika kila siku? Sababu moja ni kwamba ruhusa haina maana bila kiwanda. Nchi isiyo na kiwanda inategemea nyingine, na hiyo nyingine nayo ina sheria zake. Rwanda ilijaribu mwaka 2007, ilipoomba dawa za VVU kutoka Canada kwa utaratibu maalumu wa Shirika la Biashara Duniani. Makaratasi yalikuwa mengi, na shehena ya kwanza ilifika mwaka 2008. Sababu nyingine ni kwamba India yenyewe ilianza kutoa hataza za dawa mwaka 2005, hivyo dawa mpya hazinakiliwi kwa urahisi kama zamani.

Ndiyo maana viwanda vya karibu vina umuhimu. Uganda ina kiwanda cha dawa za VVU na malaria eneo la Luzira, Kampala, kilichofunguliwa mwaka 2007. Mwaka 2025 Mfuko wa Dunia ulitangaza kununua TLD iliyotengenezwa Kenya kwa ajili ya Msumbiji.

Je, dawa ikikosekana ni kosa la hataza?

Mara nyingi hapana. Dawa zinazookoa watoto wengi zaidi hazina hataza inayozuia: ORS na zinki kwa kuhara, amoksilini ya kuyeyusha kwa nimonia, parasetamoli kwa homa. Mseto wa malaria, ALu, unatengenezwa na viwanda vingi. Dawa hizi zikikosekana, tafuta sababu kwingine: kituo hakikuagiza mapema, bajeti imechelewa, bohari haina akiba, gari halijafika, au dawa imepotea njiani.

Hali hizi zinaweza kukusaidia kutofautisha:

- Dawa ni mpya, inauzwa na kampuni moja tu, na bei iko juu kila duka: huenda ni hataza.
- Dawa ipo madukani kwa majina mengi lakini haipo kituoni: tatizo ni la ugavi au fedha.
- Dawa haipo nchini kabisa, wakati nchi jirani ipo kama jeneriki: huenda haijasajiliwa, au haimo katika mwongozo wa matibabu.
- Dawa ipo kituoni lakini unaambiwa ulipie wakati tangazo linasema ni bure: hilo ni suala la usimamizi wa kituo.

Misaada nayo ina nafasi yake. Sehemu kubwa ya dawa za VVU katika ukanda wetu hununuliwa na Mfuko wa Dunia na serikali ya Marekani. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake mingi kwa ghafla, na huduma za VVU zikayumba katika nchi kadhaa. Bei ya dawa haikubadilika, ila mnunuzi aliyumba.

Wewe mlezi unaweza kufanya nini?

Kwenye dirisha la dawa

Uliza kwa utulivu, na uandike majibu:

- Jina halisi la dawa hii ni lipi, mbali na jina la kibiashara?
- Kuna jeneriki yake iliyosajiliwa?
- Kidonge kimebadilika rangi. Ni dawa ile ile na kipimo kile kile?
- Kama imeisha, inatarajiwa lini, na kituo gani cha karibu kinayo?
- Nifanye nini leo ili mtoto asikose dozi?

Nyumbani

- Usiruke siku wala kupunguza dozi ili dawa idumu. Kwa dawa za VVU na kifua kikuu, dozi pungufu huvipa vijidudu nafasi ya kuwa sugu, na dawa za usugu ndizo ghali na zenye hataza zaidi.
- Usimkatie mtoto kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Dolutegravir ya kuyeyusha na ile ya watu wazima hazilingani miligramu kwa miligramu.
- Mpeleke mtoto akapimwe uzito kila kliniki. Dozi hubadilika kadiri anavyokua. Akifika kilo 20, kwa kawaida huweza kutumia kidonge cha dolutegravir cha watu wazima, lakini mwache mhudumu aamue.
- Omba miadi kabla dawa haijaisha, si siku ilipoisha.

Unaponunua dukani

- Nunua katika duka lililosajiliwa. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, pakiti isiyofunguliwa, na maandishi yasiyofutika.
- Bei ya chini mno mikononi mwa mchuuzi wa barabarani si jeneriki nafuu. Hapo ndipo dawa bandia hupatikana.
- Ukishuku dawa, usiimwage. Itunze na pakiti yake, kisha toa taarifa kituoni au kwa mamlaka ya dawa.

Katika jamii

Kesi ya Nairobi ilifunguliwa na wagonjwa. Pingamizi la India liliandikwa na wagonjwa. Huhitaji kuwa mwanasheria ili usikike. Dawa ikikosekana mara kwa mara, peleka jambo kwa kamati ya afya ya kituo, diwani au mwakilishi wa wadi wako, mkiwa wazazi kadhaa na mkiwa na tarehe mlizoandika. Vikundi vya watu wanaoishi na VVU na vya wazazi wa watoto wenye selimundu au kisukari mara nyingi hujua mlango wa kubisha.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, dawa ya hospitali binafsi yenye jina maarufu ni bora kuliko ya bure?
Hapana, ikiwa zote zimesajiliwa na ni dawa ile ile. Unacholipia zaidi ni jina.

Mtoto wangu ametapika baada ya kubadilishiwa kidonge. Ni kwa sababu ni jeneriki?
Si lazima. Kutapika kunaweza kutokana na ladha, ugonjwa au namna dawa ilivyotolewa. Mweleze mhudumu alitapika dakika ngapi baada ya kumeza, kwani hilo ndilo litaamua kama dozi irudiwe. Akipata vipele, kuvimba uso au kupumua kwa shida, mpeleke kituoni mara moja.

Hataza ikiisha, bei inashuka siku hiyo hiyo?
Hapana. Ni lazima kiwanda kingine kitengeneze, dawa isajiliwe nchini, na mnunuzi aiagize. Zaidi ya hayo, huenda hataza nyingine ya dawa hiyo hiyo bado inaendelea.

Je, kununua jeneriki ni kuvunja sheria?
Hapana. Dawa iliyosajiliwa na mamlaka na kuuzwa katika duka lenye kibali ni halali kwako kuinunua na kuitumia.

Nani anaamua kama nchi itumie leseni ya lazima?
Serikali, kwa kufuata sheria yake ya hataza. Tamko la Doha linasema kila nchi ina haki ya kutoa leseni hizo na uhuru wa kuamua sababu zake.

Ukurasa huu unatoa elimu ya jumla. Kwa dozi na matibabu ya mtoto wako, fuata maelekezo ya mhudumu wa afya anayemhudumia. Mtoto mwenye homa kali, degedege, anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu au anayeshindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu mara moja, hata kama huna fedha ya dawa mkononi.